Msesewe tunauza mche, gome hatuuzi

Mama mmoja wa Rungwe alifika kitaluni kwetu hapa Uyole, Mbeya, na kitawi mkononi. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza, "Mwanangu, mti huu mnao?" Majani marefu, membamba, yamejipanga manne manne kuzunguka kijiti. Nikavunja moja, likatoa utomvu mweupe kama maziwa. Msesewe, ule ule ambao Wachaga hutia gome lake kwenye mbege, pombe yao ya ndizi.

"Basi nipatie gome. Presha inanisumbua."

Gome hatuuzi. Si kwamba wazee walikosea: ndugu yake msesewe anayeota India ndiko wataalamu wa Uswisi walikotoa reserpini mwaka 1952, ikatumika miaka mingi hospitalini kushusha presha. Na kwenye msesewe wetu imo. Tatizo ni kipimo. Msesewe mmoja hauna ukali sawa na mwingine, na sufuria ya jana si ya leo. Mama yule alikuwa anameza vidonge vya kliniki kila asubuhi. Ongeza kikombe cha gome juu yake, presha inaweza kushuka mpaka mtu adondoke akiinuka kitandani. Moyo hupiga polepole mno, na wengine huingiwa na huzuni wasiyojua imetoka wapi. Mjamzito asiuguse kabisa. Mwenye presha aongee na daktari wake kwanza, hata kama jirani kapona.

Mche ni habari nyingine. Penye unyevu msesewe hurefuka haraka, na porini ukiuona umesimama ujue maji hayako mbali. Ndiyo maana tunawapa walioambiwa waondoe milingoti (mikaratusi) kwenye chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60 zake, kwa hiyo pitia kwa mtendaji wa kijiji kabla hujachimba shimo. Mama aliondoka na miche sita.

Panda Desemba, mvua ikishakolea. Chana kiriba, ule mfuko wa mche, ukitoe chote (tumeshakuta watu wamepanda nacho, halafu wanatulaumu sisi). Ukiota, ulinde na wamenyaji: shina likimenywa gome kuzunguka pande zote, mti umekufa.

Wateja wa Makete na Kitulo, mtusamehe. Huko Juni na Julai umande huganda, na mche mchanga huungua. Kwenu hatuuzi huu.