Waendao Beijing wasiikose Changling

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu makaburi ya wafalme wa Ming, ukoo uliotawala China zamani, kaskazini ya Beijing, na hasa kaburi moja liitwalo Changling. Watu wetu wanaokwenda China siku hizi ni wengi, wa biashara na wa masomo, na nimewasikia zaidi ya mmoja wakirudi na kusema kule hakuna cha kuona: unateremka ngazi, unakuta masanduku mekundu, unapanda, umemaliza. Mimi nami ningerudi na maneno hayo hayo lau nisingekwenda mara ya pili.

Oktoba iliyopita nilikwenda kumtazama binti yangu anayesoma huko. Siku ya kwanza tulilipia safari ya kampuni moja ya utalii. Walitupeleka Dingling, kaburi la mfalme Wanli, wakatupa dakika 40, kisha wakatuweka karibu muda wa saa mbili kwenye duka la vito. Nilikasirika. Sikutoka Malindi kwenda kuulizwa nanunua bangili au sinunui.

Na Dingling yenyewe ilinihuzunisha. Wanli alikufa mwaka 1620. Kaburi lake lilianza kufukuliwa 1956, na mwaka uliofuata wachimbaji wakaingia ndani. Walitoa vitu karibu 3,000. Hariri iliyokaa gizani zaidi ya miaka 300 ilichakaa na kukakamaa ilipokutana na hewa, wala wakati ule hapakuwa na ujuzi wa kuiokoa. Kisha 1966, katika Mapinduzi ya Utamaduni, zile vurugu za kisiasa za enzi za Mao, mabaki ya mfalme na ya wake zake wawili yakaburutwa nje, yakachomwa moto. Masanduku wanayoyaona wageni leo ni ya kuigiza. Nilisimama pale, mita 27 chini ya ardhi, watu wakirusha noti kwenye viti vya marumaru na kupiga picha, nikajiona kama nimeingia nyumba ya mtu baada ya wezi kuondoka.

Usiku nikamwambia binti yangu, "Kesho twende wenyewe."

"Mama, si tushaona?"

"Tumeona shimo. Kaburi bado."

Asubuhi tukapanda basi namba 872 pale Deshengmen, mjini Beijing, tukateremka kabla ya kufika makaburini, tukashika njia kwa miguu. Hapo ndipo mambo yanapoanzia, na hapo ndipo mabasi ya watalii yanapopita mbio. Wafalme 13 kati ya 16 wa Ming wamezikwa katika bonde moja, na bonde hilo lina mlango, Lango Kuu Jekundu, lenye kilima huku na kilima huku: kimoja wanakiita cha joka, kingine cha chui milia. Mbele yako milima ya Tianshou imezunguka kaskazini yote kama mikono ya mtu aliyekumbatia mtoto. Upepo wa baridi unazuiwa nyuma, kusini kuko wazi, jua linaingia. Mfalme Yongle ndiye aliyepachagua na kuanza kujijengea mwaka 1409. Waliomfuata wakajipanga kando yake, kila mmoja na mlima wake mgongoni. UNESCO ilipoyaingiza makaburi haya katika Urithi wa Dunia mwaka 2003, ilihesabu na hiyo milima.

Baada ya lango, ukipita banda la kobe wa mawe aliyebeba jiwe la maandishi, unaingia njia ya sanamu. Ziko 36: wanyama 24 na watu 12, zimetazamana huku na huku, mierebi imeinama nyuma yake. Kuna simba, ngamia, tembo, farasi, jozi moja wamesimama na jozi nyingine wamepumzika. Nilikaa sana mbele ya mnyama anayeitwa qilin. Ana magamba, ana kwato, shingo nene fupi.

Mhariri, sisi wa Malindi tuna haki ya kusimama mbele ya qilin. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea Yongle huyu huyu twiga, na kule walimpokea kuwa ndiye qilin, mnyama wa heri anayetokea pale mfalme anapotawala kwa haki. Sanamu zilichongwa 1435, miaka 20 baadaye, lakini mchongaji hakumchonga twiga wetu, alimchonga yule wa hadithi. Nilimweleza binti yangu habari hiyo, naye akarudi kumtazama upya yule mnyama, akitafuta hata dalili ya shingo ndefu.

Mwisho wa bonde ndiyo Changling, kaburi la Yongle na mkewe Xu. Ukumbi wake una nguzo 60 za mti wa nanmu, magogo yaliyokatwa misitu ya kusini-magharibi na kusafirishwa kwa mito. Hazina rangi, ni mti mtupu, na zile za katikati watu wawili wakishikana mikono hawazizunguki. Unatoka nyuma, unapanda mnara, kisha mbele yako kuna kilima cha mviringo kilichojaa misonobari. Yumo humo chini, na hajaguswa na mtu. Baada ya yaliyotokea Dingling serikali ya China ilizuia kufukua makaburi ya wafalme, na mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Nimesikia wanaosema nalo lifunguliwe, eti tujue kilichomo. Kwetu Mambrui lipo kaburi la mnara lililopambwa kwa bakuli za China za zama hizo hizo za Ming, na hakuna kati yetu anayetaka lifukuliwe ili tujue aliyezikwa alivaa nini. Kisiwani Manda, sarafu ya Yongle iliyopatikana mwaka 2013 ilitosha kutueleza mengi, na hakuna maiti aliyesumbuliwa.

Tulipotoka, bibi mmoja alikuwa kando ya barabara na beseni la matunda ya rangi ya chungwa, yenye umbo la nyanya, ambayo bonde lile linayapanda kwa wingi. Akatuchagulia mawili yaliyolainika. Tukayala tumesimama, tukiitazama milima inavyogeuka zambarau jioni.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wanaopeleka vikundi China kutoka Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko: makaburi ya Ming yapeni siku nzima, Ukuta Mkuu uwe siku nyingine. Washusheni watu Lango Kuu Jekundu, watembee. Muda ukiwa haba, acheni Dingling.

Mwalimu mstaafu,
Malindi