Risala ya Kikundi cha Mafundi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Usikivu Duniani, 3 Machi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata, wazee wetu, ndugu mafundi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha karakanani kwetu. Leo mashine zimezimwa tangu asubuhi, lakini wapo kati yetu ambao bado wanazisikia. Mlio uko ndani ya masikio, mwembamba, kama wa nyenje usiku. Mwenzetu wa kuranda mbao hapati usingizi mpaka awashe redio kwa sauti ya chini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Madaktari huita hali hii tinitasi. Sisi tunasema masikio yanavuma. Wengi wameificha wakihofia kuonekana wamerukwa na akili, na hilo linatuuma, maana utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 7 duniani anayo. Ni zaidi ya watu milioni 740.

Umri huchangia, na nta iliyoziba sikio, na usaha usiotibiwa. Dawa pia: aliyewahi kumeza kwinini anaujua mvumo ule. Ila adui yetu mkubwa hapa ni kelele. Sauti ya desibeli 85 huvumilika kwa saa 8 kwa siku. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda huo hukatika nusu. Grinda inayokata chuma huweza kufika desibeli 100, yaani dakika 15 tu, nasi tunaishika kutwa. Vijana wetu nao huchomeka spika za masikioni na kupandisha muziki ili uishinde grinda. Chembe za kusikia zikishakufa hazioti tena.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kwa michango yetu tumenunua vifunika masikio 6, nasi tuko mafundi 23. Waliobaki wanaziba kwa pamba, ambayo haizuii kitu cha maana. Tunaomba utusaidie kupata 17 vilivyopungua, na mtaalamu wa kutupima usikivu angalau mara moja kwa mwaka.

Ombi la mwisho ndilo zito kuliko yote. Mashine yetu ya kusaga imepakana ukuta na darasa la chekechea. Tuko tayari kuihamisha kwa nguvu zetu wenyewe. Tunaomba kiwanja tu.

Tunaomba kuwasilisha.