Kesho ni zamu ya Haydn

Habari za jioni, wapendwa. Kesho saa mbili usiku tunasikiliza Simfoni Namba 45 (muziki mrefu wa okestra) ya mtunzi Joseph Haydn, naombeni msikose.

Mwaka 1772 Prinsi Nikolaus Esterházy aliwang'ang'ania wanamuziki wake kwenye kasri lake huko Hungaria, familia zao zimebaki mjini Eisenstadt, Austria. Haydn, kiongozi wa wanamuziki hao, hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga muziki ambao mwishoni kila mpigaji anamaliza sehemu yake, anazima mshumaa, anabeba ala yake, huyoo! Wakabaki wapiga fidla wawili tu. (Ombi la likizo tamu kuliko hilo sijawahi kulisikia.) Prinsi akaelewa, wakaruhusiwa kurudi nyumbani.

Nikiusikia nacheka, na machozi yananilenga. Tafadhali msiondoke kabla ya zile fidla mbili.