YAH: LIKIZO YA JUNI NA MASOMO YA JIKONI KATIKA KITENGO CHETU CHA ELIMU MAALUMU

Moshi

Ndugu mzazi/mlezi,

Shule inafungwa Ijumaa hii saa sita mchana. Taarifa ya maendeleo ya mtoto wako imeambatanishwa. Isome, uisaini, uirudishe tukifungua Julai. Habari za sare na madaftari mlishazisikia kwenye kikao, sizirudii. Nataka kuzungumza nanyi kuhusu jikoni.

Muhula huu watoto wa kitengo wamekuwa wakiandaa chakula kila wiki. Wamemenya mayai ya kuchemsha, wakaponda parachichi, wakatengeneza kachumbari, na mwishoni tukafika kwenye mtori wa ndizi. Baadhi yenu mliniuliza kwa nini mtoto asiyeweza kuandika jina lake afundishwe kupika. Jikoni anahesabu kitu anachokiona na kukishika: nyanya tatu, kitunguu kimoja, maji vikombe viwili. Anajifunza kusubiri zamu na kusema "inatosha". Na kesho akiwa mtu mzima, asilale njaa kwa sababu aliyezoea kumpakulia hayupo.

Kazi moja tunaivunja vipande vidogo, kila kipande na picha yake ukutani, na kwa watoto wengi tunaanza na kipande cha mwisho. Kwenye kachumbari mwalimu anaosha, anakata na kuchanganya. Mtoto anakamua limau tu na kupeleka bakuli mezani. Akizoea, anaongezewa kutia chumvi, kisha kuchanganya, tukirudi nyuma hivyo hivyo hadi kwenye kuosha nyanya. Kwa njia hii kila siku anamaliza kazi mwenyewe. Wakianzishwa mwanzoni, wengi huchoka kabla chakula hakijaonekana.

Mvulana wetu mmoja mwenye usonji hakuwa akigusa kitu chochote kinachonata. Siku ya kumenya ndizi alikaa mlangoni ameziba masikio. Mwalimu hakumvuta. Alimpaka mafuta viganjani, kama tunavyofanya sote kwa ajili ya utomvu, akampa mshare (ndizi ya mtori) uliokwisha kumenywa autumbukize kwenye beseni la maji. Akautumbukiza, akausikiliza mlio wake, akanyoosha mkono apewe mwingine. Siku hizi beseni ni lake, na ole wako uliguse.

Hapa ndipo ninapowahitaji. Watoto wengi wenye ulemavu wa akili au usonji wakijifunza kitu mahali pamoja, si rahisi wakihamishie mahali pengine. Anayemenya yai vizuri shuleni anaweza kulikodolea macho nyumbani, kwa kuwa bakuli ni jingine na sauti inayomwelekeza ni nyingine. Akikaa likizo nzima hajashika mwiko, Julai tunaanza upya. Nawaomba sana: mtoto apewe kazi moja, ile ile, kila siku, kwa maneno yale yale. Nimeiandika nyuma ya taarifa yake. Atamwaga maji na kuharibu nyanya, mvumilie. Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla hujamsaidia. Hii ni kwa wavulana pia. Huku kwetu mwanaume anachinja mbuzi na kuchoma nyama mbele za watu bila kuona aibu. Sioni kwa nini kijana aaibishwe kwa kukoroga mtori.

Kuhusu moto, mtoto mwenye kifafa asikae karibu na jiko bila mtu mzima pembeni yake. Akiungua yeyote, wekeni sehemu iliyoungua kwenye maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mwahi kituo cha afya. Msimpake dawa ya meno, asali wala mafuta. Wenye mtindio wa ubongo wanaopata shida kumeza wale wakiwa wameketi wima, na chakula kiwe laini kisicho na mabonge.

Nawashukuru wazazi mlioleta ndizi na maziwa. Mchango huo ni wa hiari na utabaki kuwa wa hiari.

Alhamisi ya kwanza baada ya kufungua tutapika kiburu cha ndizi na maharage, na ningependa wazazi wapike na watoto wao. Anayeweza kuja amjulishe mwalimu wa kitengo mapema, tujue tuloweke maharage kiasi gani.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu