Mazoezi ya jeshi yatangazwe kama kulivyotangazwa kupatwa kwa jua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonikaa moyoni tangu wiki ile ya mwisho wa Agosti 2016.

Mimi ni fundi cherehani hapa Gongo la Mboto. Tunaishi jirani na uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, kwa hiyo ndege kwetu si habari. Watoto wanalala huku zinapita. Lakini siku ile ilipopita ya kivita, chini chini, na mlio wake ukaja nyuma kama bati linachanwa, mtaa mzima ulisimama. Mteja wangu, mama wa makamo aliyeleta gauni la kupunguza, alijitupa chini ya meza ya kukatia. Binti yangu wa darasa la nne akanikimbilia na kunikumbatia kiunoni, mkasi ukiwa bado mkononi mwake. Sindano ilikuwa imeshakatikia kwenye sketi ya shule niliyokuwa naishona.

Asiyekuwepo hapa Februari 16, 2011 anaweza kuona tulizidisha. Usiku ule, mnamo saa mbili na nusu, maghala ya silaha ya kambi ya jeshi ya jirani yalianza kulipuka. Mbingu ilikuwa nyekundu, mabomu yanaruka na kuanguka kwenye nyumba za watu. Zaidi ya watu 20 walifariki. Nilikimbia na huyu binti mgongoni, akiwa na miaka minne, na kaka yake akanipotea kwenye msongamano. Nilimpata kesho yake mchana, hana viatu, hasemi. Miaka miwili kabla, Aprili 29, 2009, wenzetu wa Mbagala yalikuwa yamewakuta hayo hayo. Ndiyo maana sisi mlio wa ghafla hatuusikilizi, tunaukimbia.

Na wiki yenyewe ilikuwa ya namna gani? Chama cha upinzani CHADEMA walishatangaza UKUTA, maandamano na mikutano ya nchi nzima Septemba mosi. Polisi walishapiga marufuku mikutano ya hadhara, kisha hata ya ndani. Kule Mbande askari polisi wanne walikuwa wameuawa usiku wa Agosti 23, na msiba ule ulituuma sote. Kwenye televisheni tunaona askari wa kutuliza ghasia mikoani wanafanya mazoezi na ngao na virungu, tunaambiwa ni mazoezi ya kawaida tu. Katikati ya hayo inapita ndege ya kivita juu ya paa langu. Mtu afikirie nini?

Jioni ile ile sauti za WhatsApp zikaanza kuingia. Moja ilisema kuna amri ya kutotoka nje. Nyingine ikasema wanajeshi watapita nyumba kwa nyumba kukagua simu. Hakuna hata moja lililotokea, na waliotuma walifanya vibaya kutuma wasichokijua. Lakini dukani kwa Mangi sembe iliisha kabla ya isha. Mimi mwenyewe nilibeba kilo kumi kwa hela ya uzi na vifungo, na wiki iliyofuata nikashindwa kukabidhi kazi za watu. Tuna sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2015, inayomfunga anayesambaza uongo. Sawa. Ila sheria hiyo haimjibu aliyeuliza kwa nia njema.

Kwa sababu mimi niliuliza. Nilifunga fremu yangu ya kushonea nikaenda kwenye ofisi moja ya serikali, nikasubiri karibu saa nzima kwenye benchi. Nilijibiwa: "Mama, hayo hayakuhusu, rudi kashone." Ofisi siitaji. Sitaki mtu apoteze kazi, nataka utaratibu ubadilike.

Maelezo ya jeshi tuliyasikia baadaye: ni maandalizi ya kutimiza miaka 52, kutakuwa na usafi na kuchangia damu. Nayakubali, na Septemba mosi wanajeshi walionekana kweli na mafagio na makoleo. Lakini maelezo yanayokuja mtu akiwa ameshajificha chini ya meza yamechelewa.

Mhariri, siku hiyo hiyo ya Septemba mosi jua lilipatwa. Tangu wiki kadhaa nyuma tulishaambiwa: Rujewa, wilayani Mbarali, ndiko pete ya jua itaonekana vizuri, saa ngapi itaanza, saa ngapi itaisha, msitazame kwa macho matupu. Binti yangu aliyajua yote hayo kwa kichwa. Adhuhuri ilipofifia hakulia, alitoka nje na wenzake wakicheka. Mtoto yule yule aliyening'ang'ania kiunoni siku chache kabla. Kama tuliweza kupewa ratiba ya jua, tunanyimwaje ratiba ya ndege zetu wenyewe?

Najua kuna atakayesema mambo ya jeshi ni siri. Siulizi idadi ya askari wala aina ya silaha. Naomba siku, saa, maeneo, na tutasikia nini: milipuko au ngurumo tu. Zoezi litangazwe redioni na misikitini na makanisani siku tatu kabla, na iwepo namba ya simu ya kuulizia. Katiba yetu, ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Wabunge wako Dodoma mwezi huu wa Septemba 2016 na muswada wa haki ya kupata taarifa. Walikumbuke na hili. Na kama zoezi linaweza kusubiri, lisiwekwe kwenye wiki ambayo vyama na serikali wanavutana. Ibara ya 147 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa. Basi asiwekwe mahali ambapo mwananchi ataona amewekwa upande mmoja.

Silichukii jeshi. Marehemu baba yangu alikwenda vita vya Kagera na mgambo, akarudi 1979 na mguu mbovu, na mpaka anazikwa jina la Jeshi la Wananchi alilitamka lote, hakulifupisha. Alitufundisha kwamba baada ya maasi ya Januari 1964 jeshi la zamani lilivunjwa, likaundwa hili, na jina hilo lilichaguliwa makusudi. Mwananchi huyo anayetajwa kwenye jina ndiye mimi, na yule mama chini ya meza.

Mlango wa fremu yangu uko wazi kwa barabara na watu wengi wanapita hapo asubuhi. Wakileta tangazo nitalibandika mwenyewe, gundi ninayo.

Fundi cherehani (jina limehifadhiwa),
Gongo la Mboto, Dar es Salaam,
Septemba 2016