Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Ukaguzi wa Ultrasaundi kwa Njia ya Mtandao

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu nawasilisha taarifa ya Kamati Tendaji kwa mwaka uliomalizika. Mafunzo ya awali kwa madaktari tarajali yalifanyika kanda kwa kanda kama yalivyopangwa. Vikao vya jioni vya kujadili picha viliendelea, isipokuwa mwezi wa Ramadhani na Desemba. Probu, yaani vile vishikio vya mashine ya ultrasaundi vinavyopitishwa juu ya ngozi, zilizokuwa na nyaya mbovu zimetengenezwa, mihutasari imesambazwa, na Mhazini atasoma hesabu zake baada yangu. Hayo mnayafahamu na sitawachosha nayo.

Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni uamuzi wa Kamati wa kusitisha utumaji wa picha za wagonjwa kwenye kundi letu la simu na kuhamishia ukaguzi wote, yaani daktari mzoefu kuzitazama upya picha za anayejifunza, kwenye mfumo mmoja wa mtandaoni, pamoja na sharti kwamba kipimo kisicho na klipu (video fupi ya ultrasaundi) iliyokaguliwa hakihesabiwi kwenye kitabu cha kumbukumbu cha daktari anayesomea ubingwa. Nimesemwa sana kwa uamuzi huu. Wapo walioandika kwamba nimewafungia mlango vijana wa mikoani, na wapo waliodai kwamba naendesha chama kama wodi yangu. Hoja ya kwanza kikaoni niliileta mimi, Kamati ikaipitisha kwa kura, na ikirudi leo nitaipigia kura ile ile.

Nianze na mgonjwa. Picha nyingi zilizokuwa zikitumwa kwenye kundi zilipigwa kwa simu juu ya kioo cha mashine, na juu ya kioo hicho kuna jina la mgonjwa, umri na namba ya jalada. Kundi lina watu waliohama kazi, waliobadilisha namba, na wengine ambao hakuna kati yetu anayekumbuka waliingizwa na nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya kwenye fungu la taarifa nyeti, na ina masharti yake kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi. Baadhi ya wakaguzi wetu ni Watanzania wenzetu walioko Uingereza. Aliyesema Mwenyekiti anajificha nyuma ya sheria angejiuliza kwanza kama angependa tumbo la mama yake lijadiliwe na watu asiowajua, jina likiwa juu.

Halafu kuna picha yenyewe. Klipu ikipita kwenye programu ya kutumiana ujumbe hubanwa ili iwe nyepesi. Katika uchunguzi wa FAST, ile ultrasaundi ya haraka ya tumbo na moyo kwa majeruhi, tunachotafuta ni damu iliyovujia ndani, na mara nyingi damu hiyo huonekana kama utepe mweusi mwembamba kati ya ini na figo ya kulia, pale tunapopaita mfuko wa Morison. Utepe huo ukibanwa unaweza kupotea, au kivuli cha kawaida kikaonekana kama utepe. Hakuna mkaguzi makini anayeweza kuweka jina lake chini ya picha ya namna hiyo. Na picha moja iliyosimama haitoshi hata ikiwa safi, kwa sababu haionyeshi kama daktari alipitisha probu kutoka juu hadi chini au alisimama pale palipompendeza.

Sasa sharti la kuhesabiwa, ambalo ndilo lililowaudhi wengi. Mwongozo wa ACEP, chama cha madaktari wa tiba ya dharura cha Marekani, unataka daktari anayejifunza apige vipimo 25 hadi 50 kwa kila aina ya uchunguzi, na jumla ya 150 hadi 300 kwa mafunzo ya msingi, na vipimo hivyo viwe vimekaguliwa ubora. Alama ni 1 hadi 5: 1 hakuna kiungo kinachotambulika, 2 vinatambulika kidogo lakini huwezi kutoa jibu, 3 jibu linapatikana ingawa kuna kasoro, 4 na 5 picha ni nzuri na nzuri sana. Wanachama wengi wameshika idadi na kusahau neno "vimekaguliwa". Daktari anayepiga vipimo 50 akikosea vile vile mara zote 50 ameizoeza mikono yake kosa. Kwenye kundi, jibu lilikuwa kidole gumba na "safi sana daktari". Hiyo ni heshima nzuri kati ya marafiki, ila haimsaidii mama mwenye mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi anayevuja damu tumboni saa nane usiku.

Niwaambie tulichokiona tangu ukaguzi uanze, maana hapa ndipo penye faida. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kuridhika na katikati ya ini na figo bila kuteremka hadi ncha ya chini ya ini, wakati damu huweza kuanza kuonekana hapo. Upande wa kushoto wengi hutazama kati ya wengu na figo, wanaacha nafasi iliyo kati ya wengu na kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), ambako damu hupenda kukaa. Maji yaliyomo ndani ya tumbo la chakula yamewahi kuandikwa kuwa damu. Mafuta yanayozunguka moyo yameitwa maji kwenye mfuko wa moyo. Nyonga imepimwa baada ya kibofu kutolewa mkojo, wakati kibofu kilichojaa ndicho dirisha letu la kuonea nyonga, dirisha likawa limeshafungwa. Na kuna kosa la kalamu: "hakuna majeraha". FAST haiwezi kusema hivyo. Inaweza kusema majimaji hayakuonekana, basi, na mgonjwa anayeendelea kudhoofika apimwe tena.

Hakuna hata moja kati ya haya lingejulikana kwa kuangalia kitabu cha kumbukumbu. Ndiyo maana mkaguzi anatoa hukumu mbili tofauti, moja ya ubora wa picha na nyingine ya usahihi wa tafsiri. Kijana anaweza kupata 5 kwenye picha na bado akawa ameisoma vibaya, na huyo ndiye wa kupigiwa simu mapema.

Wenzetu wa hospitali za wilaya walilalamika kuhusu mtandao. Malalamiko yao nimeyasikia na nimeyajibu: klipu ni za sekunde chache, zinaweza kukaa kwenye kifaa hadi mtandao upatikane, na hazina haja ya kufika usiku huo huo, kwa kuwa ukaguzi huu hauamui matibabu. Uamuzi wa kitandani ni wa daktari wa zamu na mkubwa wake. Mkaguzi akiona hatari iliyopitwa analazimika kupiga simu hospitalini, kungoja foleni hairuhusiwi. Zaidi ya hapo, huduma hii inawafaa zaidi wao hao wa wilayani kuliko sisi wa Dar es Salaam, tunaoweza kumvuta bingwa mkono aje aangalie kioo.

Kuhusu fedha, wapo waliotaka mfuko wa chama ununue mashine mpya. Tangu probu za kuchomeka kwenye simu zianze kuenea, mashine si tatizo kubwa kama zamani. Tatizo ni jicho la pili. Kamati ililipia mfumo na bando za wakaguzi, na miezi ambayo bando zilichelewa nililipa mfukoni mwangu bila kudai. Klipu za mwisho wa wiki nilizikagua mimi pale wengine walipokuwa na udhuru, na udhuru ulikuwa mwingi.

Hilo linanipeleka kwenye mahudhurio. Mkutano wa nusu mwaka uliahirishwa kwa kukosa akidi, na ulipoitishwa tena waliokuja ni wale wale wa siku zote. Wengi wa waliopinga uamuzi huu kwa maandishi marefu hawakuwepo ulipojadiliwa, ingawa ajenda ilitumwa mapema. Ada nayo imelipwa na wachache, hawafiki nusu, na kati ya wadaiwa wamo mabingwa wenye kliniki zao binafsi ilhali madaktari tarajali wanaosubiri posho wamelipa. Sitataja majina. Mhazini anayo orodha, na Kamati itapendekeza kwamba mwenye deni asipige kura wala asigombee.

Kwa mwaka ujao tunatarajia kuongeza wakaguzi, kuzungumza na wenzetu wa radiolojia ili ukaguzi uwe wa pamoja, na Mungu akipenda kuanza ukaguzi wa mapafu na moyo baada ya FAST kutulia. Tunatumaini pia vyuo vitalikubali sharti letu kwenye mitihani yao, mazungumzo yameanza. Sharti la klipu litaendelea kutumika hadi Mkutano Mkuu uamue vinginevyo, kwa kura za wanachama walio hai waliohudhuria.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti