Majina ya watu kwenye simu ya mkopaji

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata. Sisi huku Morogoro wazima. Mama yako alibanwa na mafua ila sasa anaendelea vizuri.

Umeniuliza kuhusu hiyo kazi ya kutengeneza programu ya mikopo ya simu. Mshahara ni mzuri, sibishi. Lakini kuna jambo umeliandika ukalipita haraka haraka: kwamba mtu akishaipakua, programu itaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyomo kwenye simu yake. Ya nini, wakati anayekopa ni mmoja?

M-Pesa iliingia nchini 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na mpaka leo kuna wateja wangu wanaonikabidhi simu niwasomee salio. Mama mmoja hunitajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia, namnyamazisha kila mara. Biashara hii ya uwakala, ukiacha floti, yaani mtaji wa kuwawekea na kuwatolea watu hela, ni kuaminiwa tu.

Sasa sikia. Mama ntilie wa hapa jirani aliomba elfu hamsini kwenye programu kama hiyo. Ikaingia pungufu, riba imeshakatwa mbele. Siku ya kulipa ikapita, ujumbe ukaenda kwa mkwe wake, kwa mwalimu wa kwaya, hadi kwa fundi friji: "Mwambieni alipe, amekimbia na hela za watu." Fundi wa watu alikuja kuniuliza yeye amekuwa mdhamini lini. Deni limelipwa, lakini kwaya mama yule haendi tena.

Utasema hata kikoba cha mama yako humwaibisha anayechelewa. Kweli, wanamfuata mpaka mlangoni, na midomo wanayo. Lakini akilazwa, ni hao hao wanaompelekea uji. Hao wa programu za kausha damu hata sura yake hawaijui. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu 69 za mikopo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, kwa hiyo wasikudanganye kwamba hawajui.

Wewe ndiye uliyenieleza kwamba tarehe 30 Aprili 1993 CERN, kituo cha utafiti kule Geneva alikokuwa Tim Berners-Lee aliyebuni wavuti, waliiachia wavuti hiyo itumike bure na yeyote, na kwamba vifaa vingi unavyofanyia kazi umevikuta vimeshaandikwa na watu usiowajua, wakaviacha wazi. Nilifurahi sana siku ile. Ila wale walitoa cha kwao. Hawa wanataka uchukue namba ya mkwe na ya fundi, ambao hawakukopa wala hawakuulizwa, kisha waite huo ni ubunifu.

Mkopo wa haraka una kazi yake. Mtoto akiugua usiku, huwezi kusubiri kikao cha kikoba cha Jumapili. Basi waulize jambo moja: wako tayari programu ifanye kazi bila kugusa majina ya watu? Wakikubali, na leseni ya Benki Kuu wakakuonyesha, ingia kazini kwa moyo wote. Wakianza kuzungusha maneno, aga uondoke.

Na kama kinachokusukuma ni chumba, kodi ya miezi mitatu nimeituma jana jioni, na ya kutolea imo humo humo.

Baba yako